Chapati ya Mwisho ya Mgahawa wa Taifa

Nchi yenyewe siitaji. Mdogo wangu ameolewa huko, na sitaki siku moja azuiwe mpakani kwa sababu ya mdomo wangu. Ila nawaambia mapema kwamba si nchi yetu. Mkiona mtu humu ndani amefanana na mkubwa wenu wa kazi, hiyo ni sura tu. Sura anazigawa Mungu, na zimekuwa nyingi, huenda mahali pengine analazimika kurudia.

Watu wa huko wana haya kupita kiasi. Si haya ya wizi wala ya uongo, hayo wanayafanya mchana kweupe wakiwa wamefunga tai. Haya yao yote wameiweka kwenye sahani. Kwao, mwenyeji anayejua mgeni amekula kiasi gani ni mtu wa kusikitikiwa, na akithubutu kusema, amekwisha. Hata kuutazama mkono wa mgeni unavyotoka kwenye sinia kwenda kinywani ni tusi. Jirani wa mdogo wangu aliachwa na mumewe kwa sababu alimuuliza mama mkwe kwa upole kabisa, "Mama, nikuongeze kipande cha pili?" Neno "pili" ndilo lililovunja ndoa. Mama mkwe alilia ukoo mzima ukamsikia: "Kumbe cha kwanza alikiona!"

Basi katika nchi ya namna hiyo, Serikali ikaamua kufanya biashara ya chakula.

Ilifungua Mgahawa wa Taifa kando ya soko kuu, ili wachukuzi na wauza samaki wale kwa bei nafuu na taifa lipate faida. Akateuliwa meneja, Bi Mwanakombo, mjane mwenye mkono wa chapati. Mkono ule ukigusa unga, unga unatulia wenyewe. Sheria ya huko ilitaka meneja aweke dhamana, ili akilitia taifa hasara nyumba yake ifidie. Bi Mwanakombo akaweka nyumba. Alikuwa nayo moja, ya sebule, chumba, jiko, choo na baraza. Marehemu mumewe, fundi mwashi, aliijenga kwa mikono yake Jumapili kwa Jumapili, akafa kabla hajapiga lipu ukuta wa nyuma. Bi Mwanakombo hakutaka fundi mwingine aumalize. Ulibaki hivyo hivyo, na mwenyewe alikuwa akipita anaupapasa.

Kwa hiyo biashara ile ikipata, taifa linapata. Ikikosa, yeye analala nje. Mambo yalikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyeona ubaya.

Mwanzoni ilipata. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu angeipiga huku anatafuna penseli. Unajumlisha unga, mafuta, mkaa, kodi ya jengo na mishahara, unagawanya kwa chapati zilizouzwa. Ukifanya hivyo, kila chapati iliwagharimu shilingi sita za kwao. Waliuza kumi. Wachukuzi walikuja kwa makundi, jasho linawatiririka, wanakula wanne wanne kwenye benchi moja, wanalipa, wanaondoka. Bi Mwanakombo akaanza hata kuimba jikoni.

Kisha Waziri akaja kuufungua rasmi, ingawa ulikuwa umekwisha kujifungua wenyewe.

*

Aliyekuja ni Mheshimiwa Mwinyimvua, Waziri wa Faida. Hasara haikuwa na wizara, kila mkubwa aliifanya kwa muda wake wa ziada.

Mheshimiwa alikata utepe, akahutubia mpaka chai ikapoa, kisha akasema ana njaa kidogo. Bi Mwanakombo akapatwa na soni. Waziri mzima atafune mbele ya wachukuzi, vinywa vyao wazi? Akakimbia nyumbani, akachomoa pazia lake la maua, lile la chumbani, akalitundika katikati ya mgahawa. Nyuma ya pazia akaweka meza, kitambaa na birika la kunawia mikono. Mheshimiwa akaingia. Alipotoka alikuwa amefungua kifungo kimoja cha koti.

"Bi Mkubwa," akasema, "hapa pana utulivu wa kufikiria maendeleo."

Kesho yake akarudi kufikiria. Keshokutwa akaja na Katibu wake, maana maendeleo ni mengi kwa kichwa kimoja. Mara wakaja wakurugenzi, wakaja wasaidizi wa wakurugenzi, na madereva wao, ambao hawawezi kuachwa nje kwa sababu ndio wenye funguo za magari. Nyuma ya pazia chapati peke yake ikaonekana kuwa ni dharau, ikaongezwa kuku, ikaongezwa samaki wa kupaka, na pilau siku za Ijumaa. Siku nyingine zikaona wivu, zikapewa pilau nazo.

Na kilichopita pazia hakikuandikwa popote. Kingeandikwaje? Wale ni wageni. Muuza unga alilipwa, muuza kuku alilipwa, lakini mahali pa kuonyesha kuku amekwenda wapi, karani alipaacha peupe na kufumba macho kwa heshima.

Mwaka ulipokwisha, Mgahawa wa Taifa ulikuwa na hasara.

Mheshimiwa Mwinyimvua alihuzunika sana. Alisimama sokoni mbele ya kipaza sauti, akafuta uso.

"Ndugu wananchi! Chapati imetoka jikoni na faida yake, salama salimini. Inafika mezani ina hasara. Naapa mbele yenu, tutajua njiani imekutana na nani!"

Watu wakapiga makofi. Wachukuzi walitazamana. Halafu wakatazama chini, kwa sababu kila mmoja alijua imekutana na nani.

*

Ikaundwa Tume ya Kutafuta Tundu la Hasara. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Shundi, aliyesomea mahesabu katika nchi yenye theluji, na hata jasho lilipomlowesha hakuvua skafu. Tume ilihitaji mahali pa kukaa karibu na tatizo. Ikakaa nyuma ya pazia.

Ilifanya kazi, siwezi kuwasingizia. Ilipanda juu ya paa kutafuta tundu. Ilifukua sakafu. Ilimpima paka kwa mizani ya nyama kabla ya kifungua kinywa na baada yake, ikaona ameongezeka robo kilo, ikamfukuza kazi. Wachukuzi walipekuliwa mlangoni kama kuna aliyechovya tonge kwenye mchuzi kupita malipo yake. Mchana Tume ilirudi nyuma ya pazia kupumzika, nao walikuwa watu wazima kumi na wawili, wenye hamu nzuri.

Mdogo wangu, aliyekuwa akipeleka nazi pale, aliwasikia kwa masikio yake. Dakta Shundi alikuwa na paja la kuku mkononi, anamhoji Bi Mwanakombo.

"Mama, vyakula hivi vinavyopita hapa pembeni, vinakwenda wapi?"

"Vinaingia ndani, mwanangu."

"Ndani wapi?"

"Ndani hapa ulipokaa."

Dakta akatafuna, akafikiri, akatafuna tena. Kisha akamgeukia karani. "Andika. Vinapotelea ndani."

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama na birika, macho yake yakiwa kwenye ncha za vidole vya miguu yake mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuliona paja lile. Shingo ilimuwaka moto. Alijua na mjinga yeyote angejua. Lakini kufungua kinywa na kusema, "Mwanangu, ni nyinyi," kwake ilikuwa sawa na kuvua nguo sokoni. Akamuuliza Dakta kama ataongeza mchuzi. Dakta akasema kidogo.

Ripoti ilipotoka ilikuwa nene kama godoro. Kiini chake kilikuwa hiki. Gharama zote za mgahawa, yaani unga, kuku, pilau, posho za Tume na petroli ya kuifikisha Tume, zigawanywe kwa chapati zinazohesabika. Na zinazohesabika ni zile za mbele, za wachukuzi. Za nyuma hazihesabiki kwa mila na desturi.

Chapati ikapanda kutoka shilingi kumi mpaka kumi na tano.

*

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka.

Baadhi ya wachukuzi waliona kumi na tano ni nyingi, wakahamia kwenye mihogo ya kuchoma. Chapati zilizouzwa zikapungua. Gharama za nyuma hazikupungua hata tonge. Dakta Shundi akagawanya tena, akakuta kila chapati iliyobaki ina mzigo mkubwa zaidi, akapandisha bei mpaka ishirini na tano. Wakahama wengine. Akagawanya tena. Mmewahi kuona jeneza linabebwa, halafu waliobeba wanachomoka mmoja mmoja kwenda kuvuta sigara? Maiti ni yuleyule. Bega linalovunjika ni la aliyebaki.

"Ni ajabu," Dakta akamwambia Mheshimiwa nyuma ya pazia, "kila tukiongeza bei, mapato yanashuka."

"Basi hatujaongeza vya kutosha," akasema Mheshimiwa Mwinyimvua, na akaomba ndimu.

Mteja aliyebaki mwisho alikuwa mchukuzi mmoja anayeitwa Chande, mwembamba, mwenye ulimi. Alimpenda Bi Mwanakombo kama shangazi yake, ndiyo maana hakuhama. Siku bei ilipofika shilingi mia mbili, aliishika chapati akaigeuza huku na huku.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Hii chapati nainunua au naioa?"

"Marahaba. Acha utani, Chande, kichwa kinaniuma."

"Si utani. Kwa bei hii nina haki ya kumjua baba yake."

Bi Mwanakombo akacheka bila kutaka, kisha machozi yakakipita kicheko.

"Si uwaambie hao wa ndani wachange?" Chande akanong'ona. "Hata chumvi tu."

"Toba! Niwaambie wageni?"

"Wageni gani, wanajua mpaka sufuria lenye ukoko?"

"Nyamaza, watakusikia. Utanitia aibu."

Chande akatazama pazia. Maua yake yalikuwa yanatikisika kidogo kwa kicheko cha watu walioshiba. Akalipa. Siku mbili akala, siku ya tatu akaja amegeuza mifuko ya suruali nje, mitupu, akasimama mlangoni kama aliyekuja msibani.

"Nisamehe, Bi Mkubwa. Nimefika mwisho."

"Nenda, mwanangu," akasema Bi Mwanakombo. "Nimekusamehe. Mimi ndiye wa kusamehewa."

Chapati aliyokuwa amemwekea ikabaki kwenye sahani, imefunikwa kawa. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho, kwa sababu unga wa mbele ulikwisha, na ule wa nyuma ulikuwa na wenyewe.

*

Dakta Shundi akapiga hesabu ya kufunga mwaka. Gharama zote za Mgahawa wa Taifa, gawanya kwa chapati moja. Bei iliyopatikana ilikuwa kubwa mpaka yeye mwenyewe akalegeza skafu. Ililingana na thamani ya nyumba ya Bi Mwanakombo, kuanzia msingi mpaka bati la mwisho. Dakta alisema hajawahi kuona hesabu iliyokaa vizuri namna ile, akapeana mikono na wajumbe.

Na sheria ilikuwepo: bidhaa ikikosa mnunuzi, meneja ataichukua kwa bei yake.

Huko kwao kuna Siku ya Aibu. Hufanyika kila mwaka uwanjani pale sokoni. Aliyelitia taifa hasara husimama mbele ya watu amevalishwa sufuria kichwani, viongozi wakiwa jukwaani kumwonea aibu kwa niaba ya wananchi. Mwaka ule walimwita Bi Mwanakombo. Alikuja amevaa gauni lake la kuzikia mume. Sufuria walilomvalisha lilikuwa la mgahawa, lile kubwa la pilau, na lilimfunika mpaka nyusi.

Mheshimiwa Mwinyimvua alihutubia kuhusu uadilifu. Alisema taifa lisilojua kuhesabu litakufa. Alisema yeye binafsi hajapata usingizi. Kisha ikaletwa ile chapati kwenye sinia la fedha, imekauka kama ngozi ya ngoma. Bi Mwanakombo akatoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni, akamkabidhi Waziri kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Waziri akamkabidhi chapati.

"Ndugu wananchi!" akatangaza. "Kuanzia sasa hivi, Mgahawa wa Taifa hauna hasara!"

Makofi yakapigwa, mengi zaidi jukwaani.

Bi Mwanakombo akabaki amesimama na chapati. Alionekana kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akalivua lile sufuria, akalifudikiza chini kama meza, akakaa mchangani, akaiweka chapati juu yake.

"Karibuni," akasema.

Jukwaani wakaanza kufunga vifungo vya makoti.

"Ah, Bi Mkubwa," akasema Mheshimiwa, "sisi tumeshiba."

"Hii si ya Serikali, Mheshimiwa. Ni yangu, nimeinunua sasa hivi. Sina kingine cha kuwakaribisha. Mtakataa chakula changu mbele za watu?"

Alisema kwa upole, bila mzaha, na hapo ndipo walipopatikana. Kwao mgeni akikataa chakula cha mjane, hata watoto humzomea. Mheshimiwa Mwinyimvua akashuka jukwaani. Katibu akamfuata. Wakashuka wakurugenzi, wasaidizi, wajumbe wote wa Tume, makarani wao, na madereva waliozoea kuingia. Wakapanga mstari. Mstari ulitoka kwenye sufuria, ukapita meza za samaki, ukazunguka kisima, ukaishia karibu na lango la soko. Nchi nzima haikuwahi kuwaona wote pamoja, kwa sababu siku zote kulikuwa na pazia. Hakuna aliyewahesabu, hiyo ni haramu. Lakini macho hayana pa kwenda, yanaona.

Bi Mwanakombo alimega kipande kama ukucha. Akakitoa huku ameinamisha uso, asiutazame mkono wa mgeni.

"Karibu, Mheshimiwa. Hiyo ni sebule."

"Sebule?"

"Chapati nzima ni nyumba nzima, Dakta amepiga hesabu. Mimi nagawa tu. Sebule ile marehemu aliisakafia kwa wiki nzima, akitumia kijiko, mwiko ulikuwa umeibwa. Kula, Mheshimiwa."

Waziri akatia kinywani. Hakutafuna.

"Mheshimiwa Katibu, karibu chumba cha kulala. Samahani, pazia lake halipo, mnalo nyinyi." Akamega tena. "Dakta, mwanangu, wewe karibu jiko. Najua unapenda jiko."

Dakta Shundi alipokea kwa vidole viwili. Mwenyekiti wa Kamati ya Siku ya Aibu alipata choo, akasema asante kabla hajasikia vizuri. Mwingine akapata mlango. Mwingine baraza. Dereva mmoja kijana alipoambiwa, "Na wewe, mwanangu, huu ni ukuta wa nyuma, haukupigwa lipu, nisamehe," aliufumbata ule ukuta mkononi akaondoka mbio.

Sauti ya Bi Mwanakombo ilikuwa inakatika. Hakuwa anawakomoa. Alikuwa akilia kwa fedheha, fedheha ya mwenyeji ambaye chakula hakitoshi.

"Taratibu, Mheshimiwa!" Chande akapiga kelele kutoka kwenye umati. "Sebule ina misumari!"

Ungedhani watu watacheka. Vicheko vilifika kooni, vikarudi. Mdogo wangu anasema alijikuta anatazama viatu vyake, na kulia na kushoto kila mtu anatazama vyake. Maana wote walijua tangu siku ya kwanza. Walilipa kumi na tano wakijua, walilipa ishirini na tano wakijua, na walipohamia kwenye mihogo hawakusema neno, kwa kuwa kila mmoja moyoni alikuwa na kijitumaini kwamba ipo siku ataitwa naye nyuma ya pazia.

Mheshimiwa Mwinyimvua alisimama na shavu limevimba upande mmoja. Kumeza hakuweza, kutema hakuweza. Mwishowe akauweka ufunguo juu ya sufuria, polepole, usitoe mlio, akaondoka. Ndiyo sherehe pekee ya Serikali katika nchi ile iliyowahi kumalizika bila neno la shukrani.

*

Bi Mwanakombo yumo nyumbani kwake. Hakuna aliyethubutu kwenda kuidai tena, maana kila aliyetumwa aliulizwa njiani na watoto yeye alikula chumba gani. Anapika barazani, shilingi kumi, na benchi liko wazi barabarani. Mtu akiingia mgeni analishwa bure kama zamani, ila analishwa palepale kila apitaye akimwona. Wageni wamepungua ajabu. Magari ya wakubwa hayapiti tena mtaa ule, yanazungukia mbali kwenye madimbwi, na ndio mtaa pekee mjini ambao barabara yake haina mashimo.

Serikali nayo haikulala. Tume mpya imechunguza chanzo cha aibu iliyotokea, ikagundua kwamba siku ile uwanjani hapakuwa na pazia. Kosa hilo limerekebishwa. Mgahawa mpya wa Taifa unafunguliwa mwezi ujao, na utakuwa na mapazia mawili.

Mdogo wangu ananiambia wameshatangaza wanatafuta meneja. Awe mpishi hodari, awe na adabu kwa wageni, na awe na nyumba.